Nyumba ya shamba bila uwanja wake: jibu kwa msomaji wa Unguja

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi na ndugu zangu tumeachiwa na marehemu baba nyumba ya mawe ya zamani shamba, hapa Unguja, upande wa Bububu. Nyumba kubwa imesimama ingawa paa linavuja. Nyuma kuna jiko la nje lililokwisha paa, ghala la karafuu, chumba cha kuba ambacho wazee wanasema kilikuwa hamamu, yaani bafu la mvuke, kisima, ukuta uliopasuliwa na mkuyu, makaburi manne na miembe mikongwe. Tunataka kuifanya nyumba ya wageni. Mkandarasi anashauri tubomoe vyote vya nyuma, tumwage zege uwanja mzima kwa ajili ya magari, pesa zote ziingie kwenye nyumba kubwa. Kaka yetu aliyeko Muscat amekubali. Mimi moyo unasita. Tubakishe nini na tuache nini?

JIBU: Waalaykum salaam. Moyo wako unasita kwa haki, dada yangu. Msibomoe chochote kabla hamjajua mnachokibomoa, na zege la uwanjani msilimwage kabisa. Paa la nyumba kubwa lizibwe kwanza. Hapo mkandarasi ana hoja na mimi niko naye. Tunapoachana ni pale anapoona mbele kuna nyumba na nyuma kuna takataka.

Panda gari asubuhi moja uende Maruhubi, ni karibu na kwenu. Sayyid Barghash alilijenga jumba lile kati ya 1880 na 1882, na 1899 likaungua. Leo mgeni anaonyeshwa nguzo, hamamu, mabwawa ya mayungiyungi na miti. Jumba lenyewe halipo, na kinachomweleza mtu kuwa hapa palikuwa na jumba ni vile vitu vya pembeni. Ukitoka hapo panda Kidichi. Sayyid Said bin Sultan alijenga hamamu ile 1850 kwa ajili ya mkewe Shehrazade, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi, na mapambo yake ya lipu, ndege na mitende, yamo ukutani hadi leo. Nyumba ya kupumzikia iliyokuwa jirani yake haina hata jiwe la kuonyesha. Mtoni nako, kwenye jumba la Sayyid Said alikozaliwa binti yake Sayyida Salme mwaka 1844, sehemu inayosomeka vizuri zaidi katika magofu ni ya mahamamu. Kwa hiyo mkandarasi anapokwambia thamani iko kwenye nyumba kubwa peke yake, Unguja nzima inamkatalia. Kile chumba chenu cha kuba, kama kweli ni hamamu, huenda ndicho kitu adimu kuliko vyote mlivyorithi.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa uzito. Nyumba kubwa inasimulia habari za mwenye shamba. Habari za waliolima, waliochuma, waliopika na waliochota maji zimo nyuma. Karafuu za Unguja katika karne ya 19 zilipandwa na kuchumwa na watumwa. Biashara ya kuwauza ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya kisheria mwaka 1897. Watu wale hawakujengewa kuta za mawe. Walikaa vibanda vya miti na udongo vilivyooza zamani, na kilichobaki chao ni mafiga, vigae vya vyungu, shanga zilizodondoka, vyote vikiwa sentimita chache chini ya udongo mnaokanyaga. Greda likipita mara moja kusawazisha uwanja, habari zao zimekwisha. Hakuna kitabu mtakachofungua kuzipata tena.

Na hata ghala lisomeni vizuri kabla ya kuliita la karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani wa zao hilo, na mashamba mengi ya huku yakaegemea minazi. Inawezekana ghala lenu limehifadhi mbata miaka mingi kuliko karafuu. Pimeni upana wake wa ndani. Vyumba vya kale vya mawe huku kwetu havizidi sana mita 3 kwa upana, kwa sababu urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari ndio uliopanga. Likiwa pana kuliko hapo, tafuteni alama za nguzo katikati au mbao za kuletwa kutoka nje, na hapo mtakuwa mmepata dalili ya umri wake na ya uwezo wa aliyelijenga.

Sasa sheria, kwa ufupi. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe haiwahusu moja kwa moja, maana mipaka yake ni ya mji ule ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyinyi mlango wenu ni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Nendeni mkaulize mambo mawili: je, eneo limewahi kusajiliwa, na je, wanaweza kumtuma mtaalamu alitazame kabla hamjagusa kitu? Ombi liwe kwa maandishi, mbaki na nakala. Mkiwa na wasiwasi kwamba mabanda ya nyuma hayahesabiki mbele ya wataalamu, uondoeni wasiwasi huo. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani wanaufuata, unasema jengo la kihistoria halitenganiki na mazingira lilimo. Sheria ya Kenya ya 2006 ya makumbusho na urithi inaihesabu pia ardhi ya kando inayohitajika kwa kulitunza jengo. Uingereza wamefika mbali zaidi: nyumba ikiingia kwenye orodha ya kulindwa, kibanda au ukuta uliomo kiwanjani mwake tangu kabla ya Julai 1, 1948 unalindwa pamoja nayo.

Kazi ya kwanza haihitaji mkandarasi. Fyekeni kichaka kwa panga, kwa mkono, bila kung'oa visiki na bila kuwasha moto. Kisha tembeeni na mzee anayelijua shamba, mumwache azungumze, mmoja wenu aandike. Kila kitu kipewe nambari: jiko, ghala, kuba, kisima, kila kipande cha ukuta, kila kaburi, kila mwembe. Pigeni picha kutoka pande zote, na katika kila picha isimame fimbo yenye alama za mita ili ukubwa ujulikane. Chora ramani ya mkono. Haitakuwa nzuri, na haina haja ya kuwa nzuri. Wengi wanaliruka hili kwa sababu halionekani kama kazi, halafu baada ya miezi 6 hawana ushahidi wa ukuta ulipopita wala wa rangi ya lipu ya mwanzo.

Baada ya hapo ni maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maji yameangusha majengo mengi zaidi kuliko umri. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia lipu ya chokaa na udongo ulio wazi pembezoni. Mkimwaga zege uwanja mzima, unyevu ulio chini unakosa pa kutokea. Njia iliyobaki ni kupanda ndani ya ukuta. Unapanda na chumvi yake, na chumvi ikifika juu hukauka, hutanuka na kulitoa jiwe punje kwa punje. Mtaona ukuta umeanza kumwaga unga mweupe chini, fundi atawaambia pigeni lipu ya saruji, mtapiga, na unyevu utapanda juu zaidi kutafuta njia. Mwisho lipu inabanduka kwa mapande ikiondoka na uso wa ukuta. Nimeona nyumba kadhaa zilizotumia fedha nyingi kujiharibu kwa njia hii, wenyewe wakiamini wanazitengeneza.

Kwa hiyo fanyeni kinyume chake. Zungukeni nyumba na kila banda mkiangalia udongo umefika wapi ukutani. Miaka ya kufagia na kutupa taka huinua ardhi, na mara nyingi kizingiti cha zamani kimezikwa. Udongo huo wa ziada utolewe polepole kwa jembe na mwiko, huku mkiangalia kinachotoka. Mifereji ya zamani ya kupeleka maji mbali na msingi kwa kawaida ipo, imejaa tu. Izibueni kabla ya masika, na kabla ya vuli mrudie tena. Maji ya paa yasianguke miguuni mwa ukuta. Na msichimbe karibu na msingi bila kwanza kuushikilia ukuta kwa vigogo. Beit el-Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Majengo haya yana uzito mkubwa, hayasamehe haraka.

Tafuteni fundi muashi anayeijua chokaa, hata kama ni mzee na anafanya kazi taratibu. Chokaa ikishazimwa ikae chini ya maji angalau miezi 3. Ikikaa zaidi ndivyo inavyolainika. Mchanga uwe wa shamba, si wa pwani, kwa sababu wa pwani mnajiletea chumvi wenyewe. Kipimo cha kawaida ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Anzeni na kipande kidogo cha ukuta mahali pasipoonekana, mkiache kipitiwe na mvua za msimu mmoja, ndipo mwendelee. Lipu mpya ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, isikauke kwa jua. Kama kuna saruji iliyokwishapigwa, igongeni kwa vidole: ikitoa sauti ya uwazi, imeachana na ukuta na itatoka kwa nyundo na tindo. Iliyoshika sana iacheni, kuitoa kutavunja jiwe.

Mkuyu uliopasua ukuta unatia hasira, najua, na mtu wa kwanza mwenye nguvu atataka kuung'oa. Asithubutu. Mizizi ile sasa ndiyo inayoyashika mawe. Kateni shina, pakeni dawa ya kuua kisiki papo hapo kwenye jeraha bichi, halafu subirini mizizi ife na kukauka yenyewe. Baadaye, kipande kwa kipande, mnatoa mzizi mmoja na kujaza mwanya kwa mawe madogo na chokaa kabla ya kugusa mwingine. Kwa kuwa kisima kiko karibu, dawa ipakwe kwa brashi, isinyunyizwe. Kichwa cha ukuta uliobaki mkifunike kwa chokaa na vipande vya mawe kwa mteremko kidogo, maji yasisimame juu. Ukuta si lazima mjenge upya hadi urefu wake wa zamani. Gofu lililotulizwa likaacha kuporomoka limehifadhiwa tayari.

Katika chumba cha kuba, tazameni kwanza dari. Hamamu huwa na vitundu vya kupitisha mwanga na mvuke, sakafu yenye mteremko, na mahali maji yalipoingilia na kutokea. Vitundu vikiwepo msivizibe kwa saruji kwa kuwa mvua inaingia. Vifunikeni juu kwa kitu cha kuondoleka kinachoacha hewa ipite. Majani yaliyoota juu ya kuba yakatwe yakingali madogo. Simtanki lisiwekwe juu yake, wala lisiegemezwe. Kama wamo popo, vaeni barakoa nzuri kabla ya kufagia, kwani vumbi la mavi yao linadhuru mapafu. Na naomba sana: msikigeuze kuwa bafu la wageni. Sabuni, paipu na mvuke wa kila siku vitakimaliza. Bafu na vyoo vya wageni vijengwe kwenye banda jipya jepesi, mahali pasipo na mabaki, lisilojifanya la zamani.

Kisima msikijaze kifusi na msikifanye karo. Ardhi yetu ya matumbawe ina mianya, uchafu unaotiwa shimo moja unaibuka kisima cha jirani upesi kuliko mnavyofikiri. Kifunikeni kwa nondo zilizosukwa, mtoto asitumbukie na mwanga uendelee kuingia. Mtu asishuke kukisafisha bila wataalamu; hewa ya chini ya kisima cha zamani inaweza kuua mtu mzima kwa dakika. Angalieni ukingo wake wa mawe kabla hamjausawazisha kwa lipu. Palipopita kamba miaka na miaka pamechimbika njia, na njia zile zinaonyesha upande waliosimama wachotaji na uzito waliovuta. Mgeni wenu atagusa pale kwa kidole na ataelewa bila maelezo.

Jiko la nje nalo, masizi msiyasugue. Weusi wa ukutani unaonyesha moto ulikaa wapi na moshi ulitokea wapi. Mkitaka kulitumia, wekeni paa jepesi la makuti lililosimama juu ya nguzo zake lenyewe, lisiegemee kuta. Ghala ndilo la kutumiwa kwa raha: ofisi, chumba cha kulia, mahali pa kuonyeshea picha za familia. Jengo lenye kazi hupata mtu wa kuliona linavuja.

Miembe ni sehemu ya urithi sawasawa na mawe. Mkataba wa Florence wa 1981 unaihesabu bustani ya kihistoria kuwa kumbukumbu iliyo hai, na anayetaka kuona maana yake aende misheni ya Bagamoyo akasimame chini ya njia yao ya miembe. Angalieni kama yenu imepangwa kwa safu. Ikiwa imepangwa, kuna njia ya zamani pale katikati, na huenda hapo ndipo pa kuwapitisha wageni kwa miguu. Msiegeshe magari chini yake, magurudumu yanaubana udongo na mizizi inakosa hewa. Mwembe unaokufa upandieni mrithi leo, wa aina ileile, dodo kwa dodo, boribo kwa boribo, kwa kokwa au kikonyo kilichotoka pale pale.

Lakini ulizeni kwanza ni ya nani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yaligawiwa kwa eka tatu tatu, na huku kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Haitakuwa ajabu mkigundua kuwa kipande cha ukuta wenu, au mwembe wa mwisho kwenye safu, kimo katika eka ya jirani. Mwendeeni kwa adabu, mwambieni mnachokusudia, mwacheni aendelee kula maembe yake. Jirani aliyeombwa ni mlinzi. Jirani aliyewekewa seng'enge ghafla atayauza mawe ya ukuta, na hamtakuwa na la kumwambia.

Makaburi hayahamishwi wala hayafichwi nyuma ya maua ili wageni wasiyaone. Wekeni mpaka mdogo wa mawe yaliyopangwa bila saruji, acheni njia ya wanaokuja kuzuru, na muulize kwa wazee na kwa Kamisheni ya Wakfu kama kuna sehemu yoyote ya shamba iliyowekwa wakfu. Ikiwa ipo, mpango wote wa biashara unabadilika, na ni afadhali mjue sasa.

Magari yakae nje ya ukuta wa zamani, karibu na barabara, juu ya kokoto zinazopitisha maji. Mgeni akitembea dakika mbili kuingia hakufa mtu. Paipu na nyaya zichimbiwe kwa mkono, zifuate njia ambazo tayari zilikwisha kuchimbwa. Vikitokea vigae, shanga au vipande vya vyombo vya Kichina, simamisheni, pigeni picha vikiwa pale pale, andikeni kina, na mpigie simu Idara. Msivikusanye kwenye kopo. Kikishatoka mahali pake kimepoteza nusu ya maneno yake.

Kuhusu fedha: si lazima kila kitu kifanywe mwaka huu. Paa la nyumba kubwa, mifereji, kuushikilia ukuta na kukifunika kisima ni mambo ya sasa. Hamamu ikingwe tu isinyeshewe, ingoje mtaalamu. Jiko linaweza kubaki gofu miaka mitano bila hasara. Fundi wa chokaa mlipeni kwa siku, msimlipe kwa mita. Anayelipwa kwa mita atakimbilia saruji.

Kaka yako msigombane naye. Mwambie atazame huko huko Oman aliko. Ngome ya Bahla iliingia katika Urithi wa Dunia 1987, na mwaka 2006 ikaingia mifereji mitano ya maji, ile aflaji, pamoja na minara ya kuilinda, misikiti, nyumba na saa za jua za kugawia zamu za maji. Nchi ile imeona mfereji wa kumwagilia mitende unastahili heshima moja na ngome. Mtumie ramani yenu yenye nambari na picha za kuba, umwombe agharamie kitu kimoja kwanza: paa la ghala, likamilike kabla ya masika.